Zile nyumba za zamani za mjini Uingereza, nyembamba na zimebanana ukuta kwa ukuta, kwanini zilijengwa vile? Mteja anataka ya hivyo hapa Dodoma

mchoraji_wa_Ilazo

Habari zenu wakuu na wadau wote wa ujenzi. Mimi ni mchoraji ramani niko hapa Ilazo, kazi zangu nyingi ni nyumba za kawaida za vyumba vitatu na fremu za biashara. Sasa kuna mteja kaniletea picha kwenye simu, kazipiga mwenyewe alipokuwa masomoni Uingereza, ni zile nyumba za zamani za mjini zimeungana mtaa mzima, kila moja nyembamba lakini imeenda juu ghorofa tatu. Mlango uko pembeni sio katikati na juu yake kuna kioo cha nusu duara, mbele kuna uzio wa vyuma vyeusi na nyuma ya hivyo vyuma kuna shimo kama handaki, na ndani ya shimo unaona dirisha la chumba cha chini ya ardhi. Paa halionekani kabisa, ukuta umepanda ukalificha.

Kitu kingine nimekiangalia sana ni madirisha. Ya sakafu ya chini ni makubwa, ya juu yake ndio marefu kuliko yote karibu yaguse sakafu, halafu yanapungua kadiri unavyopanda mpaka ya juu kabisa yanakuwa kama mraba. Na kwenye nyumba ya kona kuna dirisha limezibwa kwa tofali kabisa, limebaki umbo tu.

Kiwanja chake kiko Majengo, chembamba, mita 9 mbele na 27 kwenda nyuma, na anasema umbo lile litafaa kwasababu linakula nafasi ndogo. Mimi sijakataa ila nataka kuelewa kwanza. Kwanini walijenga vile, kipi pale ni urembo na kipi kina kazi yake? Nikichora kitu ambacho sijui kinafanya nini nitamjengea mtu tatizo na hela yake. Mwenye uelewa naomba anisaidie, hata historia yake tu ni sawa.

Msanifu_Mama_K

Mdogo wangu umeuliza swali ambalo wachoraji wengi hawaulizi kabla ya kunakili picha, kwahiyo nitakujibu kwa urefu na unisamehe.

Ule uso wa nyumba unaouona, sehemu ndogo sana ni ladha ya mtu. Umetengenezwa na moto, sheria, kodi na hati ya ardhi. Anza na moto. Mwaka 1666 mwezi wa tisa London iliungua siku nne, zikateketea nyumba zaidi ya 13,000, na sababu kubwa ni kwamba mji ulikuwa wa mbao, sakafu za juu zikitokeza barabarani mpaka majirani wa pande mbili karibu wapeane mikono dirishani. Mwaka 1667 ikatoka sheria ya kuujenga upya: kuta za nje ziwe za tofali au mawe, na nyumba zigawanywe madaraja kulingana na barabara, yani ya kichochoroni mwisho sakafu mbili, mtaa wa kati tatu, barabara kuu nne, na unene wa kuta ukapangwa kwa kila daraja. Hapo ndipo mtaa mzima ulipoanza kulingana kimo, sio kwamba majirani walikaa kikao wakakubaliana.

Sasa paa lako lililofichwa. Mwaka 1707 ikaja sheria nyingine kwa London na Westminster kupiga marufuku mbao za urembo zilizokuwa zinatokeza chini ya paa, maana moto ulikuwa unazishika na kuruka nyumba hadi nyumba. Badala yake ukuta wa mbele ukapandishwa kupita usawa wa paa. Mwaka 1709 wakasema fremu ya dirisha irudi ndani ya ukuta inchi 4. Halafu 1774 ikaja sheria kubwa zaidi, ikataka kasha la fremu, yani lile boksi la mbao la pembeni mwa dirisha, lifichwe kabisa nyuma ya tofali. Kwahiyo ukisimama mbele ya nyumba ya London ukaangalia dirisha peke yake unaweza kukadiria umri: fremu pana ya mbao iliyo sawasawa na uso wa ukuta ni ya mwanzo, iliyorudi ndani ni ya baadae, na ile ambayo unaona ukanda mwembamba tu wa mbao mara nyingi ni baada ya 1774. Miji mingine iliiga kwa kuchelewa, kwahiyo kipimo hicho usikitumie kijinga kila mahali. Sheria hiyo ya 1774 ndio iliyoweka pia madaraja manne ya nyumba kwa thamani na eneo, daraja la kwanza ni ya zaidi ya pauni 850 na futi za mraba zaidi ya 900 kwa eneo la chini, la nne ni chini ya pauni 150 na futi za mraba zisizofika 350.

Wembamba wake ni habari ya ardhi. Mwenye eneo alikuwa bwana mkubwa, mfano Duke wa Bedford, na hakuuza ng'o. Alikata viwanja akampa mjenzi kwa muda, mwanzoni miaka 61 hivi na baadae 99 ikazoeleka, muda ukiisha ardhi na nyumba iliyo juu yake vinarudi kwa familia yake. Sisi wa Dodoma hili tunalijua vizuri, tumepitia hati za miaka 33 za enzi za CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu, na sasa watu wanazungumzia 99. Mjenzi mwaka wa kwanza au miwili alilipa kodi ya pango la ardhi ya jina tu, kwenye maandishi ni punje moja ya pilipili manga, na katika huo muda anakimbizana asimamishe kuta na paa auze kabla kodi kamili haijaanza. Barabara na mifereji ya mbele ni gharama, kwahiyo kadiri nyumba nyingi zinavyobanana kwenye urefu uleule wa barabara ndivyo faida inavyopatikana. Upana wa futi 20 hivi ulikuwa wa kawaida. Bedford Square ilijengwa kati ya 1775 na 1783 kwa mtindo huo na bado imesimama.

Na ukishakuwa na upana mdogo hivyo ramani inajichora yenyewe: upande mmoja korido na ngazi, upande wa pili chumba cha mbele na chumba cha nyuma, na unarudia hivyohivyo mpaka juu. Ndio maana mlango uko pembeni. Kile kioo cha nusu duara kinapeleka mwanga kwenye korido ambayo haina dirisha lingine.

Chini ya ardhi ni jiko na wafanyakazi. Sakafu ya kuingilia ni chumba cha kulia. Inayofuata juu ndio sebule ya kupokelea wageni, ndio maana madirisha yake ni marefu kuliko yote, halafu vyumba vya kulala, halafu juu kabisa darini wanalala watumishi na watoto. Yani ukitazama dirisha tu toka barabarani unajua nani yuko nyuma yake.

Lile shimo la mbele ni la kuleta mwanga na hewa jikoni. Na mara nyingi hawakuchimba sana kama unavyodhani, udongo uliotoka walimwaga mbele wakainua barabara, kwahiyo ukienda nyuma ya nyumba bustani inakuwa chini karibu na usawa wa jiko. Chini ya njia ya waenda kwa miguu kuna vyumba vya kuwekea makaa ya mawe na kifuniko cha chuma cha duara juu yake, muuza makaa anamwaga magunia toka barabarani bila kuingia ndani na uchafu wake.

kijana_wa_Chang'ombe

Hapo kwenye dirisha lililozibwa mkuu jibu ni kodi. Kulikuwa na kodi ya madirisha, ilianza 1696 na ikaja kufutwa 1851, nyumba ikizidi madirisha 10 unaongezewa malipo, baadae wakashusha kiwango mpaka 7. Watu wakaona bora wazibe. Yani serikali ilitoza mwanga na hewa kwa miaka 155 na madaktari walilalamika sana kwamba watu wanaugua kwa kukaa gizani, hasa maskini waliopanga kwenye majumba makubwa ambapo mwenye nyumba ndio anaziba yeye hakai humo. Hata vioo vilitozwa kodi yake, na tofali nazo zilitozwa kuanzia 1784 kulipia vita vya Marekani, watengenezaji wakaanza kufyatua tofali kubwa maana kodi ilihesabiwa kwa idadi.

Binti_Mpwapwa

Salamu toka Bristol, mimi ni mzaliwa wa Mpwapwa niko huku na kazi. Kaka wa Chang'ombe uko sahihi kuhusu kodi ila usiondoke na wazo kwamba kila dirisha lililozibwa ni kodi. Mengi yalijengwa yakiwa yamezibwa toka siku ya kwanza. Nyuma yake kuna bomba la moshi au ngazi inapita, lakini mjenzi alitaka uso wa nyumba ulingane kushoto na kulia akaweka umbo la dirisha bila tundu. Ukitaka kujua angalia mishono ya tofali, kama tofali za kuzibia zimefungana na za ukutani ni la kuanzia, kama kuna mstari umenyooka pembeni toka juu mpaka chini basi lilizibwa baadae. Hiyo ya kona aliyopiga mteja wako inaweza kuwa mojawapo, maana nyumba za kona zina ukuta mrefu wa pembeni na walichukia uonekane mtupu.

Naomba niongezee nyumba moja ambayo ningependa kila mtu anayependa uzuri wa hizi nyumba aijue. Iko hapa Bristol, namba 7 Great George Street, sasa ni makumbusho unaingia. Ilijengwa karibu 1790 kwa ajili ya John Pinney, msanifu William Paty. Ukiingia unaona kila kitu alichosema Mama K kimekaa mahali pake, jiko chini na moto wake mkubwa na vyombo vya shaba, chumba cha kulia, sebule juu, na huko chini kabisa karibu na jiko kuna kidimbwi cha kuogea maji baridi kimejengwa kwa mawe, ngazi zinashuka mpaka majini, mwenye nyumba aliamini maji baridi ni afya. Ni kimya mle na mawe yana unyevu, unasimama pale unawaza nani aliyekuwa anafuta ile sakafu.

Sasa hela ya ile nyumba ilitoka wapi. Pinney alikuwa na mashamba ya miwa kisiwa cha Nevis huko Karibiani na yalilimwa na watumwa Waafrika. Mmoja wao anaitwa Pero, Pinney alimnunua 1765 akiwa mtoto wa miaka 12, yeye pamoja na dada zake wawili. Aliletwa Bristol kama mtumishi binafsi wa Pinney na akaishi kwenye hiyo nyumba mpaka miaka ya mwisho ya uhai wake, alifariki 1798. Mjini hapa kuna daraja la waenda kwa miguu lilifunguliwa 1999 likapewa jina lake. Ngazi ya wageni mle ndani ni nzuri mno na mkono wa mbao umesuguliwa, lakini mimi nikipita huwa naenda kwanza chini jikoni.

Nasema haya kwasababu sisi wa Mpwapwa njia ya misafara toka Bagamoyo kwenda Tabora mpaka Ujiji ilipita kwetu na tumekua tukisikia wazee wakisimulia. Biashara ile ilikuwa nyingine na bahari nyingine, lakini mtu wa kwetu akiziangalia nyumba hizi anatakiwa ajue zililipiwa na nini. Sio zote ni za hela hiyo, na nyingi zilijengwa kupangishwa kwa mawakili, madaktari na wafanyabiashara wa kawaida, ila miji ya bandari kama Bristol na Liverpool huwezi kutenganisha.

Kitu cha mwisho, kama picha za mteja ni za mji wa Bath kwenye mawe ya rangi ya asali basi mwambie kuna siri pale. Royal Crescent, nyumba 30 zimepinda nusu mwezi, ilianza 1767 chini ya John Wood mdogo na ikachukua kama miaka saba au nane. Nguzo 114 mbele, inaonekana kama jumba moja la mfalme. Wood alipanga uso tu. Mnunuzi alinunua kipande cha ule uso halafu akatafuta mjenzi wake amjengee nyumba ya nyuma anavyotaka, kwahiyo ukizunguka nyuma hakuna hata mbili zinazofanana, paa huku juu huku chini, madirisha kila mtu na lake.

mchoraji_wa_Ilazo

Dah, nashukuru sana Mama K na dada wa Bristol, na mdau wa Chang'ombe. Hiyo ya mbele kupangwa na nyuma kila mtu na lake imenifungua. Sasa naomba niulize ya kazi. Kuta zake ni imara kweli? Maana mteja anasema nyumba hizo zina miaka 250 na anataka yake idumu hivyohivyo, anadhani ni kwasababu ya tofali. Na hapa kwetu tunazo tofali za kuchoma, je nikitumia hizo bila plasta itafanana?

Fundi_Mkuu_Nkuhungu

Mwanangu hapo umegusa kazi yangu. Nimejenga maisha yangu yote na nimesoma sana habari za waashi wa zamani, kwahiyo nakwambia ninachokijua.

Tofali ya London ya wakati ule haikutoka mbali. Walichimba udongo palepale panapojengwa, wakafyatua palepale, wakachoma palepale, kwahiyo mji ulikuwa na moshi wa matanuri pembeni muda wote unapopanuka. Tofali yao ile ya njano njano walichanganya majivu yaliyochekechwa kwenye udongo, majivu ya makaa ya mawe toka majumbani kwa watu, yale yana chembe ambazo hazijaungua kwahiyo tofali ikiingia tanuri inaungua mpaka ndani kwa moto wake yenyewe na unatumia kuni au makaa kidogo. Wale jamaa walitumia taka za mji kuujenga mji. Vijana wetu wanaofyatua huku pembezoni wakate kuni ngapi, hili ni jambo la kulitazama kwa makini kabisa.

Kuhusu uimara usidanganyike na uso. Tofali nzuri ilikuwa ghali, kwahiyo mbele waliweka nzuri na nyuma yake wakaweka za hovyo. Mpangilio wao kwenye kozi moja ni tofali iliyolazwa kwa urefu, inayofuata inaonyesha kichwa, na kile kichwa ndio kinatakiwa kiingie ndani kufunga ukuta wa mbele na wa nyuma. Sasa mwashi mwenye haraka ya kuwahi kuuza alikata vile vichwa nusu ili apate viwili kwa tofali moja, mbele panaonekana pamefungwa kumbe ni kuta mbili zimesimama pamoja hazijashikana. Na ndani ya ukuta walilaza mbao za kuunganishia, zikaja kuoza. Mpaka leo mafundi huko wanakuta ukuta wa mbele umetoka tumbo wanaufunga kwa vyuma. Kuna mjenzi mmoja anaitwa Nicholas Barbon, alisomea udaktari akaingia kwenye ujenzi baada ya ule moto, alijenga London haraka haraka kila mahali na aligombana na watu vibaya, alipoanza kujenga Red Lion Square mwaka 1684 mawakili wa jirani walitoka wakapigana na mafundi wake kwa kurushiana tofali. Amefariki 1698. Mtindo wa kujenga nyumba zilizofanana na kuziuza zikiwa magamba, yani kuta na paa tu, yeye ni mmoja wa waliouanzisha.

Kilichozifanya zidumu ni vitu viwili kwa maoni yangu. Cha kwanza chokaa. Walijengea chokaa na mchanga sio saruji, na chokaa ni laini inakubali nyumba ijisogeze kidogo bila kupasua tofali, na maji yakiingia yanatoka kupitia kwenye viungo. Wakati wa karne iliyopita watu wakaanza kuzipaka saruji kwa nje wakidhani wanaziimarisha, unyevu ukafungiwa ndani, tofali zikaanza kubanduka uso. William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 na mpaka leo wanahimiza chokaa kwenye kuta za zamani. Cha pili ni matunzo, maana huko nyumba ya namna hiyo inaandikishwa na serikali, utaratibu uliowekwa na sheria ya mipango miji ya 1947, na ukibadilisha bila kibali ni kosa la jinai hata kama nyumba ni yako mwenyewe.

Na kuna jambo watu hawalijui. Nyumba nyingi zenye uso wa tofali kwenye miji midogo ya Uingereza ndani yake ni mbao za mwaloni za miaka mia mbili nyuma zaidi. Mwenye nyumba aliona aibu nyumba yake ya kizamani akajenga uso mpya mbele. Mji wa Lewes mpaka vigae vya kupachika vilivyoumbwa kama tofali walitumia. Ukipanda darini ndio unakuta maboriti yamepigwa vigingi vya mbao hakuna msumari, na kati ya nguzo na nguzo wamesuka fito wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na kinyesi cha ng'ombe. Huo ukuta mzee wa Kigogo aliyejenga tembe akiuona anaujua, tofauti ni paa tu, tembe letu limelazwa bapa na udongo juu kwasababu mvua ya huku ni chache na la kwao limesimama kwasababu ya mvua na theluji. Inaniuma sana tembe tumeziacha zikaanguka moja moja hata kuzipima na kuzichora hatujafanya ipasavyo. Wewe kijana unajua kuchora, siku ukienda vijijini huko Bahi au Chamwino ukikuta iliyobaki omba ruhusa kwa wenyewe uipime.

Tofali zetu za kuchoma bila plasta utapata sura nzuri ila chagua zilizoiva, gonga zilie, na usiwaachie wakate vichwa. Nguzo na mikanda ya zege weka kama kawaida, ardhi ya hapa inatikisika mara mojamoja na udongo wetu wa mfinyanzi ukikauka unapasuka ukinyesha unavimba.

Binti_Chadulu

Shikamoo mzee, hiyo ya tembe naunga mkono kabisa, bibi yangu alizaliwa kwenye tembe Mvumi na sina hata picha yake.

Swali langu kwa Mama K, hayo madirisha yanapanda na kushuka, yanashikiliwa na nini yasianguke?

Msanifu_Mama_K

Dada, pembeni mwa fremu kuna kasha la mbao ndani yake limeachwa wazi, na humo ndani kuna vipande vya chuma au risasi vinaning'inia kwenye kamba iliyopita juu ya kapi. Uzito wa vile vipande unalingana na wa dirisha, kwahiyo hata mtoto analisukuma kwa kidole na linabaki palepale ulipoliacha. Ukifungua juu kidogo na chini kidogo hewa ya moto inatoka juu na ya baridi inaingia chini. Kwa joto la Dodoma hilo ndilo ningelichukua kwanza kwenye nyumba yote.

Sasa turudi kwa mchoraji. Mzee wa Nkuhungu shikamoo, umemaliza habari ya kuta. Mimi naomba nimalizie paa kwasababu hapo ndipo mteja atakapolia. Nyuma ya ule ukuta uliopanda wenzetu waliweka paa lenye bonde katikati, pande mbili zinashuka ndani, maji yote yanakusanyika kwenye mfereji wa risasi uliojificha. Jani likiziba au risasi ikipasuka maji hayamwagiki nje, yanaingia ndani ya nyumba kimyakimya, boriti inaoza mwisho wake ukutani na hujui mpaka dari iteremke. Hiyo ni nchi ambayo mvua yake ni ya kunyunyiza mwaka mzima. Sisi mvua yetu ni miezi michache, kavu ikikaa nusu mwaka upepo unajaza vumbi, majani na mifuko ya plastiki kwenye mfereji, halafu Desemba inashuka kubwa kwa saa moja. Nyumba za paa la kuficha zimekuwa fasheni hapa mjini na nyingi nilizoitwa kukagua tatizo ni hilohilo.

Pia paa lao halitokezi na kwao sio tatizo, maana wao wanatafuta jua. Sisi tunalikimbia. Ukuta wa magharibi wenye madirisha marefu bila kivuli hapa Majengo saa kumi jioni hakuna atakayekaa sebuleni.

Na jambo la ukuta wa pamoja, ule wa kwao unabeba nyumba mbili, mabomba ya moshi yamo humo, na sheria ilitaka upande kupita paa ili moto usivuke. Wewe una kiwanja kimoja cha mita 9, jirani hajakubali chochote, na jiji litataka uache nafasi pembeni. Nenda ofisi ya mipango miji ya jiji uulize kabla hujachora hata mstari, ukitoa hizo nafasi za pembeni hesabu upana uliobaki ndio uone kama korido, ngazi na chumba vinaingia.

mchoraji_wa_Ilazo

Mama, mzee, dada zangu, nimeelewa. Nimefanya hesabu ya haraka, nikiacha mita moja na nusu kila upande nabaki na mita 6 za nje, hizo ni kama futi 20 alizosema Mama K, kwahiyo ile ramani ya korido upande mmoja na vyumba viwili upande wa pili inaingia. Swali langu la mwisho, mteja akikataa paa linalotokeza akang'ang'ania la kuficha, nifanyeje mfereji?

Fundi_Mkuu_Nkuhungu

Usiuweke katikati. Paa lote limwage upande mmoja wa nyuma ambako hakuna ukuta wa kuficha, mbele na pembeni ndio ufiche, toka barabarani picha yake ataipata ileile. Akikataa na hilo basi mfereji uwe mpana fundi aingie na miguu yake yote miwili kusafisha, uinamie pande mbili, kila upande bomba la inchi 4 sio la inchi 2, na juu kidogo ya usawa wa maji toboa tundu litokeze nje ya ukuta, mfereji ukiziba maji yatoke pale ayaone yakimwagika uani kabla hayajaingia darini. Na umwandikie kabisa kwenye mchoro kwamba mwezi wa kumi na moja kila mwaka mtu apande kusafisha.

mchoraji_wa_Ilazo

Sawa mzee wangu. Jumatatu naanzia mipango miji, halafu nitamchorea miwili, mmoja paa limemwaga nyuma, mwingine linatokeza na baraza upande wa magharibi, madirisha ya kupanda na kushuka yote mawili. Dada wa Bristol kama una picha ya karibu ya lile kasha la dirisha likiwa wazi naomba unitumie, nataka fundi seremala wangu alione.